Shajara ya mradi: matangazo ya kanisa kwa WhatsApp, barua pepe na ujumbe mfupi

Shajara hii inaandikwa na kamati ya mawasiliano ya kanisa kwa ajili ya makanisa mengine yatakayopenda kufuata njia hii, au kuikwepa pale ilipotushinda. Yaliyokwenda vizuri yameelezwa kwa ufupi. Yaliyokwama yamepewa nafasi zaidi, kwa kuwa ndiyo yaliyokula muda wetu mwingi.

11 Januari 2025: Tulipoanzia

Kanisa lina kundi moja la WhatsApp ambamo kila kitu hupita: saa za ibada, salamu za asubuhi, picha za harusi, taarifa za misiba, michango, na video zilizotoka kwingineko. Tangazo linalowekwa Ijumaa jioni huwa limekwisha kufunikwa kabla ya watu kulala, na muumini anayefungua simu Jumamosi hulazimika kurudi nyuma kwa subira ili alipate. Barua pepe hutoka kwenye anwani binafsi ya katibu. Wasio na simu janja hutegemea kusikia kwa jirani.

Kabla ya kuchagua chombo chochote tuliketi na ujumbe wa majuma yaliyopita tukaupanga kwa aina. Yapo matangazo yasiyohitaji jibu. Ipo dharura, kama ibada kuahirishwa. Yapo mazungumzo ya vikundi. Zipo nyaraka ndefu kama mihtasari na ratiba za robo mwaka. Na yapo mahitaji ya maombi, ambayo mara nyingi hubeba siri ya mtu. Tulikubaliana kwamba kipimo cha kazi nzima kitakuwa kama ujumbe umemfikia anayehusika, wala si kama umetumwa, na kwamba ujumbe uliomfikia asiyehusika nao utahesabiwa kuwa umepotea.

25 Januari 2025: Daftari na ridhaa

Daftari la zamani lilikuwa na namba nyingi zilizokwisha kufa. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurejeshwa na mtandao wa simu na kupewa mteja mwingine, kwa hiyo namba iliyokuwa ya muumini yaweza leo kuwa mikononi mwa mtu asiyelijua kanisa kabisa, na habari zetu za msiba zikamfikia yeye. Tukaona ni heri kuanza upya. Fomu ya ukurasa mmoja ilijazwa baada ya ibada, ikiuliza jina, namba, anwani ya barua pepe kama ipo, njia ambayo mwenyewe angependa kupata matangazo, na mwishoni kisanduku cha kuweka alama kwamba amekubali kuandikwa. Watoto hawakuandikishwa, habari za shule ya Jumapili huenda kwa mzazi.

Wapo waliouliza kwa nini kanisa liombe ruhusa kwa watu wake lenyewe. Jibu letu ni kwamba orodha ya waumini ni orodha ya imani za watu, na sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, iwe ile ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, ya Kenya ya 2019 au ya Tanzania ya 2022, huihesabu imani ya mtu katika taarifa nyeti zinazodai uangalizi wa ziada. Tena, hata pasipo sheria, mtu aliyeacha namba yake ili apate ratiba ya kwaya hakuiacha ili apigiwe simu na mfanyabiashara aliyeiokota kwenye orodha yetu.

Kikwazo kilikuja wakati wa kuingiza namba kwenye jedwali la kompyuta. Programu ilizichukua kuwa tarakimu za hesabu: sifuri ya mwanzo ikatoweka, alama ya kujumlisha iliyotangulia msimbo wa nchi ikafutika, na namba ndefu zikajionyesha kwa mkato wa kihesabu wenye herufi E katikati. Dawa yake ni kuipanga safu nzima ya namba kuwa maandishi kabla ya kuandika chochote, na kuandika kila namba kwa msimbo kamili wa nchi, kwa sababu namba inayoanzia sifuri haieleweki nje ya nchi yake. Zilizokwisha kuharibika ilibidi zisahihishwe moja moja kutoka kwenye fomu za karatasi, na hapo tulishukuru kwamba fomu hazijatupwa. Jedwali hufunguliwa na watu wawili tu. Gharama ya hatua hii ilikuwa karatasi na jioni kadhaa za watu waliojitolea.

15 Februari 2025: Orodha ya matangazo yashindwa, jumuiya yachukua nafasi

Tulianza na orodha ya matangazo ya WhatsApp, ile inayomfikishia kila mtu ujumbe kana kwamba ameandikiwa peke yake. Tuliipenda kwa sababu haionyeshi namba za wengine wala haifungui mlango wa salamu. Orodha moja hubeba watu 256, kwa hiyo tulihitaji zaidi ya moja. Hilo lingevumilika. Lililotushinda ni sharti la pili: ujumbe wa orodha humfikia tu yule aliyeihifadhi namba ya mtumaji kwenye simu yake. Kwa kuwa tulinunua laini mpya kwa ajili ya kanisa, karibu hakuna aliyekuwa nayo. Anayetuma huona ujumbe umeondoka kama kawaida. Ni mpaka abonyeze ujumbe wenyewe na kufungua taarifa zake ndipo huona majina ya waliofikiwa, ambayo kwetu yalikuwa machache mno. Kuwaomba watu waihifadhi namba kulisaidia kidogo, ila hakuna kanisa litakalohakikisha kwamba kila mgeni amefanya hivyo.

Tulihamia kwenye jumuiya, mpangilio ambao WhatsApp iliutoa mwaka 2022 unaoyaunganisha makundi mengi chini ya paa moja na kuyapa kundi moja la matangazo. Katika kundi hilo wasimamizi pekee ndio huweka matangazo, na wanachama wa kawaida hawaonani namba. Kwaya, vijana, akina mama na vikundi vya nyumbani vimebaki na makundi yao, kila moja na mazungumzo yake. Kundi la zamani hatukulifuta. Tulilibadilisha jina na kuliacha liwe sebule, mahali pa salamu, picha na kutaniana, kwa sababu ushirika wa waumini unahitaji pia mahali pa kucheka. Waliohisi wamefungwa midomo walitulia walipoona kwamba sebule bado iko wazi.

Kuingiza watu hakukuwa kazi nyepesi. Tangu mwaka 2019 mtumiaji wa WhatsApp anaweza kuzuia asiingizwe kwenye makundi bila idhini yake, kwa hiyo kwa wengine tulituma kiungo cha mwaliko. Kiungo hicho kilisambazwa, na namba zisizojulikana zikaanza kuingia. Tulikifuta kwa kukiweka upya, tukawasha mpangilio wa msimamizi kuidhinisha kila anayeingia, na sasa kila ombi hulinganishwa na daftari kwanza. Anayetaka kuiga kazi hii awashe mpangilio huo kabla ya kutoa kiungo.

Tulifikiria pia chaneli, zilizoenea mwaka 2023. Mfuasi wa chaneli hajulikani kwa mwenye chaneli kwa namba yake, na mtu yeyote duniani anaweza kufuata. Kwa mahubiri na ratiba za ibada ni chombo kizuri. Kwa habari za watu wetu, hapana.

Gharama: simu moja ya kawaida, laini iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, na bando la kila mwezi.

8 Machi 2025: Barua pepe

Wazee wa kanisa, walimu na waumini walio mbali walichagua barua pepe. Akaunti ya bure ya Gmail huruhusu takriban wapokeaji 500 kwa siku, na kwa kanisa la ukubwa wetu hiyo ingetosha. Lakini barua iliyotumwa kwa watu wengi hivyo humlazimu mtumaji kuweka anwani zote katika sehemu ya Bcc (inayozificha kwa wapokeaji wengine), na siku atakapoziweka kimakosa sehemu ya kawaida, kila muumini atapata anwani za wenzake wote. Tuliona hatari hiyo haifai kuachwa mikononi mwa mtu aliyechoka Ijumaa usiku. Kanisa likalipia kikoa chake (jina la mtandaoni linalokuja baada ya alama ya @) na huduma ya kutuma jarida, ambayo humwandikia kila mmoja barua yake.

Jarida la kwanza lilitua kwenye folda ya barua taka kwa wapokeaji wengi. Mifumo ya barua pepe huuliza kikoa chenyewe kama mtumaji ameruhusiwa, na majibu hukaa katika rekodi tatu za DNS (daftari la intaneti la taarifa za kila kikoa): SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma, DKIM huweka ufunguo wa kuthibitisha sahihi ya kila barua, na DMARC husema barua isiyothibitika ifanywe nini. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo humtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na anayetuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku awe na zote tatu pamoja na njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Sisi tulikuwa mbali na idadi hiyo, lakini tuliweka zote.

Hata baada ya kuziweka, uthibitisho ulikataa. Ilichukua muda kugundua sababu: kikoa kilikuwa na rekodi mbili za SPF, moja iliyowekwa na mwenye kuhifadhi tovuti na nyingine tuliyoiongeza kwa ajili ya jarida. Kanuni inaruhusu moja tu kwa kila kikoa, na zikiwa mbili uchunguzi wote hubatilika, hata kama kila moja ni sahihi peke yake. Tulizifuta zote mbili tukaandika mstari mmoja unaoanza na "v=spf1", ukifuatiwa na "include" ya mtoa huduma wa kwanza, "include" ya wa pili, kisha "~all" mwishoni. Kuanzia hapo jarida lilianza kufika kwenye kikasha.

Mambo mawili madogo yalileta tofauti ambayo hatukuitarajia. La kwanza ni kichwa cha barua. Jarida lenye kichwa "Matangazo" kila juma halina linalomwambia mtu alifungue. "Jumapili 16 Machi: ibada moja tu, saa 4 asubuhi" humpa habari hata asipolifungua. La pili ni kwamba matangazo yalikuwa yakitengenezwa kama bango la picha na kuambatishwa. Picha hula bando, haisomeki kwa msaada wa sauti kwa asiyeona, na haitafutiki baadaye. Sasa maneno huandikwa kwenye barua yenyewe, na bango huja baadaye kama pambo kwa anayelitaka. Anwani ya mtumaji ni ya ofisi, wala si ya mtu, na yuko mtu aliyepangwa kusoma majibu. Anwani inayotuma bila kusikiliza haifai kanisani.

29 Machi 2025: Ujumbe mfupi kwa wenye simu za kitochi

Kwa wasio na simu janja tulichukua huduma ya kutuma SMS kwa wingi, inayolipiwa kwa kila ujumbe. Tangazo la kwanza lilisomeka hivi: "Jumamosi 12 Aprili saa 2:00 asubuhi tutang’arisha jengo kwa ajili ya Pasaka. Tafadhali njoo na fagio au ndoo. Wazee na wagonjwa watuombee." Ni herufi 138 pamoja na nafasi, na kikomo cha ujumbe mmoja ni 160. Hata hivyo tulitozwa ujumbe tatu kwa kila mpokeaji.

Sababu ilikuwa alama moja. Hesabu ya 160 hutumika pale ambapo kila alama imo katika jedwali dogo la herufi za simu. Ritifaa (alama iliyo katika ng') iliyonyooka imo. Ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, haimo. Ikiingia hata moja, ujumbe wote hubadilishwa mfumo na kikomo hushuka hadi 70, na ujumbe mrefu hukatwa vipande vya herufi 67. Kiswahili kina maneno ya kutosha yenye ng' kiasi kwamba gharama hiyo ingeturudia kila mara. Siku hizi matini hupitishwa kwanza kwenye kihariri cha maandishi matupu, ritifaa ikanyooshwa, na kikokotoo cha huduma kikaangaliwa kabla ya kutuma. Emoji nazo hufanya vilevile, kwa hiyo hazitumiki kwenye SMS.

Saa pia ilitusumbua. Wapo waumini wanaosoma saa kwa Kiswahili na wapo, hasa vijana na walio nje, wanaotazama tarakimu za simu. "Saa 3" bila neno la ziada huwapeleka watu wawili nyakati mbili tofauti. Kila tangazo sasa huandika "saa 3 asubuhi", na katika barua pepe huongezwa 09:00 pembeni.

Jina la mtumaji laweza kuwa herufi hadi 11 badala ya namba, nalo huonekana vizuri, lakini aliyepokea hawezi kujibu. Kwa hiyo kila SMS humalizika kwa namba ya ofisi, hata kama inakula nafasi.

26 Aprili 2025: Maombi, wagonjwa na misiba

Juma Kuu na Pasaka vilipita salama kwa upande wa ratiba. Lililotushughulisha ni jambo zito zaidi.

Ombi la maombi la muumini mmoja liliandikwa kwenye kundi la kikundi cha nyumbani likitaja ugonjwa wake na wodi alikolazwa. Liliandikwa kwa upendo. Kabla ya jioni lilikuwa limefika kwa watu wasiomjua, na kwa baadhi ya jamaa zake ambao yeye mwenyewe hakuwa amewaambia. WhatsApp imepunguza kasi ya usambazaji, tangu 2019 kwa kuzuia ujumbe kupelekwa kwenye mazungumzo zaidi ya matano kwa wakati mmoja, na 2020 kwa kubana zaidi ule uliokwisha kusambazwa mara nyingi, lakini hakuna mpangilio wa simu unaoweza kurudisha siri iliyokwisha kusomwa.

Tuliketi na mchungaji na timu ya maombi kwa muda mrefu kuliko tulivyoketi juu ya jambo lingine lolote katika mradi huu. Utaratibu uliotoka ni huu. Ombi huletwa kwa mtu mmoja wa timu, kwa simu au ana kwa ana. Yeye humwuliza mwenye ombi, au mlezi wake kama hawezi kusema, mambo mawili: nini kisemwe, na kwa nani. Akisema "niombeeni, msiseme ni nini", hivyo ndivyo itakavyoandikwa, na tumegundua kwamba watu huomba kwa bidii ileile pasipo kujua jina la ugonjwa. Hospitali, wodi, matokeo ya vipimo na picha za mgonjwa kitandani haviandikwi hata kwa ruhusa ya ndugu. Ombi huenda kwenye kundi dogo la timu, ambalo ujumbe wake umewekwa kufutika baada ya siku 7. Mpangilio huo hauzuii mtu kupiga picha ya skrini; kazi yake ni kuhakikisha kwamba simu itakayopotea miezi mingi baadaye haina kumbukumbu ya maumivu ya watu.

Kwa misiba, hakuna kinachoandikwa popote mpaka familia iseme kwamba wa karibu wote wamekwisha kuambiwa kwa sauti. Mchungaji au mzee wa kanisa ndiye anayewasiliana na familia, na msimamizi wa matangazo husubiri neno lake hata kama habari imekwisha kuenea mitaani. Kuchelewa kwa saa chache kunavumilika. Mtoto kujua kifo cha mzazi wake kupitia kundi la kanisa hakuvumiliki.

31 Mei 2025: Ulaghai kwa jina la mchungaji

Waumini kadhaa walipata ujumbe kutoka namba ngeni yenye picha ya mchungaji, ukisema yuko kwenye kikao, hawezi kupokea simu, na anahitaji msaada wa fedha wa haraka. Mtindo huu si mgeni. Huko Marekani tume ya biashara ya serikali kuu ilitoa tahadhari mwaka 2019 kuhusu walaghai wanaojifanya viongozi wa dini. Ulaghai huu hufanikiwa kwa sababu unatumia heshima ambayo muumini anayo kwa kiongozi wake, na kwa sababu unamwomba asipige simu.

Kanuni ilitangazwa kwa mdomo ibadani kabla ya kuandikwa kokote: kanisa haliombi fedha kwa ujumbe binafsi, namba za michango ni zile zilizobandikwa kwenye ubao wa matangazo, na zikibadilika zitasomwa mbele ya waumini kwanza. Mtu akiombwa, apige simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, asitumie ile iliyomwandikia.

Kwa upande wetu, uthibitishaji wa hatua mbili umewashwa kwenye akaunti zote za wasimamizi, na kila mmoja ameelezwa kwamba msimbo wa tarakimu 6 wa kufungulia akaunti, unaoingia kwa SMS, haupewi mtu, hata anayedai ni mzee wa kanisa aliyeutuma kimakosa. Jumuiya ina wasimamizi watatu, na umiliki wa kikoa uko kwa jina la kanisa, ili kuhama kwa mtu kusiache milango imefungwa.

5 Julai 2025: Hali ilivyo sasa

Tangazo la kawaida hutoka Alhamisi jioni kwa njia zote tatu, likiandikwa mara moja na kufupishwa kwa ajili ya SMS. Kazi hiyo huwachukua watu wawili chini ya saa moja. Gharama za kudumu ni bando, ada ya mwaka ya kikoa, huduma ya jarida, na SMS, ambayo ndiyo nzito kuliko zote na ndiyo sababu tunaitumia kwa wale tu wasio na njia nyingine.

Bado kuna ambao hawafikiwi. Wazee kadhaa wana simu zinazokaa chumbani kwa wajukuu. Wengine hawasomi maandishi madogo. Kwao ujumbe wa sauti wa dakika moja, uliorekodiwa na mtu ambaye sauti yake wanaijua, umefaa kuliko maandishi yoyote, na pale simu isipofaa kabisa kila mmoja amepangiwa muumini wa jirani anayepita na kusema. Majina ya wapitaji hao yamo kwenye daftari lilelile, katika safu yake, kwa kuwa nao ni njia ya mawasiliano kama barua pepe.

Septemba daftari litapitiwa upya: fomu ya mwaka itatolewa, namba zisizopokea zitaondolewa, na waliohama wataulizwa kama wangependa kuendelea kupata jarida. Kabla ya hapo timu itawapigia simu waumini wachache kutoka kila njia, na swali litakuwa moja tu: "Jumapili iliyopita, saa ya ibada uliijuaje?" Jibu litaandikwa mbele ya jina, na pale litakapokuwa "niliambiwa na mtu", tutauliza ni nani, ili naye aingie kwenye safu ya wapitaji.